Taa zote zikiwaka kwenye dashibodi, usikimbilie kununua kompyuta

Wateja wengi hutufikia hapa gereji yetu ya Industrial Area, Nairobi, wakiwa wameshaambiwa kompyuta ya gari imekufa. Taa ya injini inawaka, ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) inawaka, usukani umekuwa mzito na mshale wa kasi umelala. Tafadhali, kabla hujapeleka pesa kwa wauza spea wa Grogan, omba waya zipimwe.

Gari la siku hizi lina kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia, ya breki, ya dashibodi yenyewe. Zote huzungumza kupitia waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo unaitwa CAN, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986 mjini Detroit. Kila ujumbe una namba yake; kompyuta mbili zikianza kuongea kwa pamoja, yenye ujumbe wa namba ndogo huendelea, nyingine hunyamaza na kungoja zamu.

Kukiwa kimya, kila waya una volti 2.5 hivi. Ujumbe ukipita, mmoja hupanda hadi 3.5 na mwenzake hushuka hadi 1.5. Kinachosomwa ni tofauti kati yao. Kwa kuwa waya zimesokotwa, kelele za umeme kutoka alternata huingia zote mbili sawasawa, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Ndiyo maana inatuuma tukikuta aliyefunga traka (kifaa cha kufuatilia gari) au alamu amezifumua msokoto, akazichuna na kuzifunga selotepu.

Kupima si kazi kubwa. Tunachomoa betri, kisha tunaweka mita kwenye pini namba 6 na 14 za soketi iliyo chini ya dashibodi. Kwa magari mengi mita inapaswa kusoma omu 60 hivi, kwa sababu kila mwisho wa waya una rezista (kipande kinachozuia umeme) ya omu 120, na zikiwa mbili kwa pamoja husomeka nusu yake. Ikisoma 120, kuna mahali waya umekatika au rezista moja haifiki. Ikikaribia sifuri, waya zimegusana, na hapo gari zima linaweza kukosa mawasiliano ingawa kompyuta zote ni nzima. Tunachomoa soketi za kompyuta moja baada ya nyingine mpaka mita irudi sawa.

Msimu wa mvua, mara nyingi tunainua kapeti na kukuta limelowa, na pini za soketi zimeota kutu ya kijani. Kusafisha soketi hiyo ni nafuu mno kuliko kompyuta.

Ukija, tuambie kama gari lilipita kwenye maji, na kama kuna traka au alamu iliyofungwa karibuni. Tutaanzia hapo.