Mabadiliko ya maumbo yaanze kwa macho na mikono, kanuni zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalonisumbua kuhusu namna tunavyofundisha mabadiliko ya maumbo, yaani kuakisi, kuzungusha, kuhamisha na kukuza, katika shule za sekondari, mada ambayo kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amekutana nayo kidato cha pili, kisha akairudia kidato cha nne ikiwa imevishwa matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu ndani ya mabano.

Mimi ni mwalimu wa hisabati mkoani Tanga. Muhula uliopita nilisahihisha zoezi lililomtaka mwanafunzi aakisi katika mhimili wa y pembetatu yenye ncha (1, 1), (4, 1) na (1, 3). Msichana mmoja, hodari na mwenye daftari nadhifu, aliandika kuwa taswira ina ncha (−1, 1), (−4, 1) na (−1, 4), akaichora kwa rula na kuendelea na swali lililofuata. Upande uliokuwa na urefu wa vizio 2 ulikuwa umefika vizio 3, naye hakushtuka. Kukosea kunakili tarakimu ni jambo la kawaida kwa kila anayefanya hesabu. Kilichoniumiza ni kwamba mtoto ambaye kila asubuhi hujitazama kwenye kioo, na hajapata kuona kioo kikimrefusha mkono mmoja, hakuwa na habari kuwa zoezi lile lilihusu kioo. Kwake lilikuwa zoezi la kuweka alama ya kutoa mahali palipotakiwa, na aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Tunaanza na kanuni. Ukiakisi katika mhimili wa x, geuza alama ya y; ukiakisi katika mstari y = x, badilishana nafasi za namba; ukizungusha nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa, badilishana nafasi kisha uweke alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Mwanafunzi hukariri kanuni hizi kama mtu anayekariri namba za simu, na wiki mbili baadaye mbili kati yake huwa zimeshachanganyika. Anayejua kanuni za mihimili miwili peke yake hukwama akiambiwa aakisi katika mstari x = 3, ingawa mtoto anayejua kwamba taswira hukaa nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao kitu kimekaa mbele yake angehesabu tu: kutoka 1 hadi 3 ni hatua mbili, basi taswira iko hatua mbili zaidi, yaani kwenye 5. Akifanya hivyo mara nne au tano, atagundua mwenyewe kuwa anatoa namba ile kutoka kwenye 6.

Mwaka 1872 Mjerumani Felix Klein alipendekeza kwamba kila aina ya jiometri ielezwe kwa mambo yanayobaki kama yalivyo pale maumbo yanapobadilishwa. Naliona wazo hilo kuwa ndilo swali la kwanza ambalo mwalimu angepaswa kuliuliza darasani: katika badiliko hili, ni nini hakikubadilika? Urefu wa pande? Pembe? Eneo? Upande ambao umbo linaelekea? Msichana wangu angelizoea swali hilo, pembetatu yake ingemkataa pale pale kabla daftari halijanifikia.

Wala swali hilo halihitaji maabara. Kanga ikiinuliwa mbele ya kioo, jina lake husomeka kinyumenyume, na hata ukiinamisha kichwa vipi halitasomeka sawasawa. Ikizungushwa nusu mzunguko, jina husimama kichwa chini, lakini anayekwenda kusimama upande wa pili wa meza hulisoma bila taabu. Na katika doti ambayo bado haijakatwa, kipande cha pili ni kile cha kwanza kilichosogezwa bila kugeuzwa. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho tofauti ambayo kanuni huificha: mzunguko na uhamisho, yaani kusogeza bila kugeuza, haviligeuzi umbo kuwa kinyume chake, ilhali kuakisi hulipindua, kama mkono wa kulia unavyokuwa wa kushoto.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba hukutana na uhamisho kwa neno lile lile la Kiingereza, translation, ambalo katika somo la lugha anaambiwa maana yake ni tafsiri, kisha anaelezwa kuwa ukuzaji wa kipimo cha nusu hulifanya umbo kuwa dogo. Sidai kwamba barua hii itamaliza mjadala wa lugha ya kufundishia. Ninachokiomba ni kidogo zaidi, kwamba mwalimu asione aibu kutumia dakika tano kuyaeleza maneno haya kwa Kiswahili kabla ya kuandika kanuni ubaoni.

Mahali ambapo hasara ni kubwa zaidi ni kidato cha nne, kwenye matriksi. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa jedwali la matriksi nane nilikariri, na hakuna aliyeniambia zilikotoka. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba siri yote imo katika nukta mbili, (1, 0) na (0, 1): safu wima ya kwanza ya matriksi ni mahali nukta ya kwanza ilipokwenda, na ya pili ni mahali nukta ya pili ilipokwenda. Mtu akitaka matriksi ya mzunguko wa nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa, achore nukta hizo mbili na kuzizungusha kwa mkono: (1, 0) itaangukia (0, 1), na (0, 1) itaangukia (−1, 0), na matriksi yake imekwisha kuandikwa. Jedwali halihitajiki tena. Mwanafunzi huyo ataelewa pia kwa nini uhamisho haupatikani kwa kuzidisha matriksi ya namna hiyo, kwa kuwa matriksi huiacha nukta (0, 0) mahali pake, na uhamisho huisogeza. Tena ataona kwamba ile namba tunayomfundisha kuipata kwa kuzidisha mshazari na kutoa ndiyo inayosema eneo limeongezeka mara ngapi, na kwamba ikiwa hasi, umbo limepinduliwa.

Kuna pia suala la mpangilio, ambalo vitabu vingi hulipita kwa mstari mmoja. Ukiakisi kwanza katika mhimili wa x, kisha katika mstari y = x, umezungusha umbo nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa; ukianza na mstari y = x ndipo ufuate mhimili, umelizungusha kwa mwendo wa saa. Kipande cha karatasi kilichokatwa kwa umbo la herufi F kinatosha kulionyesha jambo hili. Kwa watoto waliozoea kwamba 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3, huu ni ugunduzi mkubwa, na nimeona darasa zima likinyamaza linapouona.

Walio na kompyuta wana programu nzuri ya bure ya GeoGebra. Wasio nayo wana ukili, ule ukanda uliosukwa wa kushonea mikeka. Wanahisabati wamethibitisha kwamba nakshi inayojirudia kwenye ukanda mmoja ina namna 7 tu za ulinganifu, na marehemu Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuichambua jiometri ya ususi wa huko, ikiwemo mikoba ya Inhambane iitwayo sipatsi. Sisi wa pwani tunalalia mikeka yenye nakshi za aina hiyo hiyo, na sijakiona kitabu cha kiada kinachomtuma mwanafunzi akaitazame.

Najua jibu nitakalopewa na walimu wenzangu, kwamba muda hautoshi na madarasa yamejaa. Darasa langu lina wanafunzi wengi pia. Vipindi viwili vya kukunja karatasi vimeniokoa vipindi vingi vya kurudia kanuni zilizosahauliwa, na kukunja karatasi ni kazi ambayo hata aliyekaa dawati la nyuma kabisa anaweza kuifanya bila kuuona ubao.

Hata hivyo, mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Kwa hiyo ombi langu kwa Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani ni swali moja tu la namna hii: mwanafunzi apewe ile pembetatu niliyoitaja pamoja na jibu lenye kosa, akatazwe kutumia kanuni yoyote ya kuakisi, kisha aulizwe amejuaje kuwa jibu hilo haliwezi kuwa sahihi. Alama zitolewe kwa maelezo yake.

Wako,
Mwalimu wa hisabati, Tanga