Kikaratasi cha "i7, 1TB" hakimwambii mnunuzi kitu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu laptopu nyepesi zinazouzwa Mtwara Mjini, Masasi, Lindi na Nachingwea, hasa fedha za korosho zinapoanza kutoka na wazazi, walimu na makarani wa vyama vya msingi wanapoingia madukani kwa wakati mmoja. Kikaratasi cha bei huwa na maneno mawili tu: "Core i7" na "1TB". Mnunuzi hulipia maneno hayo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kabisa, na bado mashine ikachukua dakika tatu kuwaka.

Tuanze na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. "i7" ni daraja ndani ya kizazi chake. Ukitoka nje ya kizazi hicho neno hilo halipimi kitu. Core i7-7500U iliyotoka mwaka 2016 ina viini 2, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Core i5-8250U iliyotoka mwaka 2017 ina viini 4, na kila kiini kinashika kazi mbili kwa pamoja. Zote mbili ni za wati 15, kipimo cha umeme zinaokula na joto zinalotoa. Karani akifungua Excel ya malipo ya wakulima, kurasa kumi za intaneti na WhatsApp ya kompyuta kwa mpigo, i5 hiyo inaiacha i7 mbali. Dukani, hata hivyo, i7 ndiyo yenye bei ya juu, na tofauti hiyo ya bei mara nyingi ingetosha kununua SSD nzuri, yaani hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka.

Kwa hiyo jambo la kumuuliza muuzaji ni jina kamili la prosesa, lile lenye tarakimu na herufi. Kwa Intel, tarakimu zinazofuata kistari hutaja kizazi: 6200U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8, 1135G7 ni cha 11, 1235U ni cha 12. Herufi nayo ina maana yake. U ni ya laptopu nyepesi, kwa kawaida wati 15. H ni wati 45. Hiyo hula betri na hutaka feni kubwa, haifai kwa anayetafuta wepesi. Ya kuogopa ni Y. Core i5-7Y54 na Core i5-8200Y zina viini 2 na zimetengenezwa kwa takriban wati 5, ili ziingie kwenye mashine nyembamba isiyo na feni. Stika ya nje imeandikwa i5 tu. Ofisini pasipo kiyoyozi, Februari, hapa pwani kwetu, mashine isiyo na feni haina pa kulipeleka joto: prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe, na mtumiaji huanza kulaumu virusi.

Kizazi cha 8 kina umuhimu wa pili. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia hapo, ukiacha vighairi vichache, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6 na cha 7, nayo hukaa, lakini Microsoft haikuahidi kwamba masasisho yataendelea kuifikia mashine hiyo. Aliye nayo tayari asiitupe. Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, juu ya i5-6200U yenye SSD na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 inaandika barua na kufungua intaneti bila shida.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, Ryzen 5 3500U ni ununuzi wa haki kwa mashine iliyotumika, na Ryzen 5 5500U yenye viini 6 ni bora zaidi. Tahadhari iko kwenye namba kubwa. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kwa miaka mingi kuliko 5500U kwa sababu inaanza na 7. Katika mfululizo huo wa 7000 tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja usanifu wa ndani: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Maana yake 7520U imejengwa kwa usanifu uleule wa 5500U, ikiwa na viini 4 badala ya 6, na RAM yake imechomelewa kwenye bodi. 7530U, inayopishana nayo tarakimu moja tu, ni Zen 3 yenye viini 6. Zile za A4, A6 na E2, za AMD za zamani na dhaifu, tusizizungumze.

Laptopu "mpya kabisa" za bei ya chini nyingi huja na Celeron N4020, viini 2 vya wati 6, RAM GB 4 na nafasi ya GB 64. Kwa mwanafunzi anayefungua PDF moja moja zinatosha. Kwa kazi ya ofisi, mashine iliyotumika ya kizazi cha 8 inazishinda kwa kila kitu isipokuwa harufu ya upya. Intel N100 ya mwaka 2023, yenye viini 4, ni jambo jingine. Hiyo inafanya kazi za kawaida vizuri na haili betri.

Sasa hiyo "1TB", yaani terabaiti moja ya hifadhi. Ikiwa ni diski ya kuzunguka, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, hapo ndipo dakika tatu za kuwaka zinapotoka. Windows ikiwaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila moja huilazimu sindano ya diski kusogea. Kila kusogea ni zaidi ya milisekunde 10, hivyo kwa sekunde moja diski inahudumia maombi kama mia hivi. SSD haina cha kusogeza, inahudumia maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana SSD ya GB 256 kwenye i5 inafanya kazi haraka kuliko diski ya 1TB kwenye i7 yoyote ile. Diski hiyo pia ni chombo chenye sindano inayoelea juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa macho. Ibebe ikiwa imewaka, juu ya bodaboda, kwenye barabara ya Nachingwea kwenda Liwale, uone. Na anayetafuta wepesi akumbuke kwamba diski ya inchi 2.5 ina uzito wa karibu gramu 100, wakati SSD ya M.2, ile yenye umbo la kibodi chembamba, haifiki gramu 10.

Neno "SSD" peke yake nalo halitoshi. Ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, inasoma hadi takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Ya NVMe, inayopita njia ya kasi iitwayo PCIe, toleo la 3.0, hufika karibu 3,500. Kwa barua, Excel na intaneti mtu hazitofautishi. Anayehariri video za harusi ataiona tofauti. Kulipia NVMe ya PCIe 4.0 kwa ajili ya laptopu ya Intel ya kizazi cha 8 ni hasara tupu, kwa sababu tundu la mashine hiyo linaishia 3.0. Kisha kuna eMMC, hiyo GB 64 ya kwenye Celeron: imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi, na Windows pamoja na masasisho yake huijaza yenyewe kabla mwenye mashine hajaweka hata picha moja. Windows 11 inataka angalau GB 64 ili tu iwekwe. Ushauri wetu ni GB 256 kwa kazi za kawaida na 512 kwa mwenye picha na video. Acha wazi sehemu ya tano au ya sita ya nafasi, maana SSD ikijaa hupunguza kasi ya kuandika. Usigombane na muuzaji ukiona SSD ya 256 inaonyesha 238, au 1TB inaonyesha 931: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Hofu ya kwamba SSD "inaisha" imekuzwa mno. Kingston A400 ya GB 240 imedhaminiwa kuandikiwa terabaiti 80. Ukiandika GB 20 kila siku, unahitaji siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Tatizo kubwa zaidi ni bandia zinazojitaja kuwa 2TB na huku ndani mna chipu ndogo, ambapo mafaili mapya hufuta ya zamani kimyakimya. Programu ya H2testw huiandika diski yote na kuisoma upya, na bandia haipiti. Jingine ni betri iliyokufa. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika, faili huharibika au Windows hukataa kuwaka, na SSD inasingiziwa. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, linganisha uwezo wa kiwandani na wa sasa; betri iliyoshuka chini ya nusu iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Anayetaka kubadilisha SSD baadaye aangalie tundu kabla hajaagiza Kariakoo, kwa sababu kurudisha kifaa kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 550. M.2 ya kawaida ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80, lakini baadhi ya mashine ndogo huchukua 2242 au 2230. Yenye mipasuko miwili kwenye meno kwa kawaida ni SATA, yenye mmoja ni NVMe, ila lebo ndiyo ya kuaminiwa. SATA ikiingizwa kwenye tundu la NVMe tupu inakaa vizuri na haionekani kabisa, hapo watu hudhani imekufa. Kwenye mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, ukipiga Windows upya programu ya kuiweka inaweza kudai hakuna diski: VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski, imewashwa kwenye BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows). Izime, au pakia kiendeshi cha Intel kutoka kwenye fleshi. Usibadilishe mpangilio huo kwenye Windows inayofanya kazi, maana huenda isiwake tena. Chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote ndani.

Wepesi pia una gharama yake. ThinkPad X280 ni nyepesi sana lakini RAM imechomelewa, kwa hiyo ya GB 4 itabaki GB 4 milele. MacBook Air kuanzia 2018 hata hifadhi yake imechomelewa. EliteBook 840 G5 ya HP na Latitude 7490 ya Dell, zenye kilo moja na nusu hivi, zina matundu mawili ya RAM na SSD inayobadilishwa kwa bisibisi moja. Kati ya hizo tungechagua hizi mbili za mwisho, gramu mia chache zikiongezeka si neno.

Kabla ya kutoa fedha, usiisome stika. Washa mashine ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad, uone jina la prosesa ndani ya BIOS. BIOS ikidai nenosiri ambalo muuzaji hanalo, iache hapohapo. Kisha, Windows ikishawaka, Ctrl+Shift+Esc itakuonyesha kama diski ni HDD au SSD, na programu ya CrystalDiskInfo itataja saa ilizofanya kazi na afya yake kwa asilimia.

Ombi letu kwa wenye maduka ni kuandika mstari mmoja zaidi kwenye kikaratasi. Kwa halmashauri, shule na vyama vya msingi wanaotangaza zabuni, waache kuandika "Core i7, 1TB", kwa kuwa mzabuni akileta mashine ya mwaka 2016 yenye diski ya kuzunguka atakuwa ametimiza kila neno. Waandike hivi: "Intel Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, herufi U, viini visivyopungua 4, au AMD Ryzen 5 3500U au bora zaidi; RAM GB 8 isiyochomelewa; SSD ya M.2 NVMe GB 256 inayobadilishwa, afya asilimia 90 au zaidi, betri asilimia 70 ya uwezo wa kiwandani, BIOS isiyofungwa." Na anayepokea mzigo stoo awe na karatasi hiyo mkononi, azifungue mashine moja moja kabla ya kutia saini.

Mafundi wa kompyuta,
Mtwara Mjini