Kaka, ulianzia hatua ya mwisho

Kaka, shikamoo.

Wanaopita hapa hawatakujua, na jina lako sitalitaja. Wewe utajijua.

Mithali 17:14 inafananisha mwanzo wa ugomvi na mtu anayefungulia maji. Sisi tuliokulia kwenye mifereji ya Kilimanjaro hatuhitaji mhubiri hapo. Ukingo wa udongo hauvunjiki ghafla. Maji hupenya kwenye tundu la fuko, hubeba udongo kidogo kidogo, tundu likapanuka, na kadiri linavyopanuka ndivyo yanavyozidi kasi. Asubuhi, bonge moja la udongo wenye majani linaziba. Jioni utauita ukoo mzima na majembe, na migomba ya chini imeshalala. Ndiyo maana mstari ule hautuambii tushinde mashindano. Unasema tuyaache kabla hayajafurika.

Na Mathayo 18 ina mpangilio. Kwanza unamwendea ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, unachukua mmoja au wawili, na hao ni mashahidi wa maneno, kama Torati ilivyotaka, si wapiga debe wako. Mwisho kabisa ndipo unaliambia kanisa. Wewe ulianzia kundi la familia, saa nne usiku, sauti ya dakika saba juu ya mpaka wetu, wakwe wakisikiliza. Kati ya mlango wako na wangu kuna mstari wa masale tu, ile mimea ya mpakani! Matanga ya Baba yalikuwa yameisha jana yake.

Utanijibu kwa Mathayo 5, kwamba anayekumbuka ndugu yake ana neno juu yake aache sadaka madhabahuni, aende kwanza. Kweli. Aliyekosewa anaambiwa aende, na aliyekosa anaambiwa aende, ili wakutane njiani. Nilitaka kuja. Lakini nani anabisha hodi kwa mtu aliyeshamhukumu mbele ya wakwe?

Soma tena 1 Samweli 25, ila usiishie kwenye upumbavu wa Nabali kama unavyopenda. Nabali amewanyima watu wa Daudi chakula, na Daudi anashuka na watu 400 wenye panga, ameshaapa kuimaliza nyumba yake. Abigaili, mke wa Nabali, hapotezi muda kubishana nyumbani nani ana haki. Anapakia punda: mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha kutayarishwa, vipimo 5 vya bisi, vichala 100 vya zabibu kavu, mikate 200 ya tini. Vijana wanatangulia na chakula, yeye anafuata nyuma, kwa hiyo chakula kinafika kabla ya maneno. Akimwona Daudi anashuka upesi, anainama, anasema kosa liwe juu yake, na kosa halikuwa lake. Kisha anamkumbusha Daudi kesho yake: utakapokuwa mtawala, damu hii isije ikakusumbua moyoni. Akirudi anamkuta Nabali amelewa. Hasemi neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi divai imemtoka. (Saa nne usiku, Kaka. Nani alikuwa timamu?)

Watu wa kabila la Efraimu nao, katika kitabu cha Waamuzi, waliwalalamikia viongozi wa Israeli mara mbili kwa jambo lilelile, kwamba hawakuitwa vitani. Gideoni aliwaambia masazo ya zabibu zao ni bora kuliko mavuno ya ukoo wake, hasira ikatulia. Yeftha akawajibu kwa hoja, na hoja zake huenda zilikuwa nzuri, kisha kwa vita. Wakafa 42,000.

Najua utasema mimi ndiye Yeftha. Nilikujibu kwa hoja, ndiyo, na ramani ya kihamba, shamba letu la ukoo, ninayo, na Mama Mkubwa alikuwepo siku Baba alipopanda yale masale. Lakini sikukujibu kundini. Hilo ulihesabu?

Jana nimekata isale moja, nimelifunga fundo, ishara yetu Wachaga ya kuomba suluhu. Sijasema nimekosa. Liko kwenye ndoo ya maji kibarazani, na nimemwomba Mama Mkubwa alilete kwako Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Usipokuwa tayari kulipokea, mwambie yeye, asikae juani akikungoja. Magoti yanamsumbua.