Hofu ya Kiingereza Inawanyamazisha Watoto Wenye Vipaji

Mhariri,

Inasikitisha kwamba katika shule zetu za Nairobi wapo wanafunzi wenye vipaji ambao hunyamaza darasani Kiingereza kinaposhika hatamu kama lugha ya kufundishia kuanzia gredi ya 4. Mwaka 1986, mtafiti wa ujifunzaji wa lugha Elaine Horwitz na wenzake waliihusisha hofu ya lugha ya kigeni na woga wa kuzungumza, wa mitihani na wa kuhukumiwa vibaya. Naamini huo wa mwisho ndio unaomwumiza zaidi mtoto aliyezoea kuongoza, kwani huona heri anyamaze kuliko akosee mbele ya wenzake. Walimu, nawasihi msimsahihishe kila neno hadharani, wala msimwadhibu kwa kusema Kiswahili, bali mruhusuni aeleze hesabu yake kwa lugha anayoimudu, kisha airudie kwa Kiingereza.

Mzazi,
Nairobi