Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka huu, na ile malaria yangu ya mwezi wa sita

Wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha hepa B, yaani hepatitisi B, ule ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, amosou uduto, nawasalimu nyote. Pesa nitapita nazo mbio juu mweka hazina ashasoma vitabu na hakuna aliyelia. Tulianza mwaka tukiwa 19, sasa tuko 27, mchango ni ile mia mbili kwa mwezi, wenye deni wanajijua.

Nataka tuongee ile mambo ya Juni. Mliambiwa chair amekosa mkutano juu ya malaria. Haikuwa malaria bana, nilikuwa nimeacha dawa. Vairo lodi yangu ya Januari, kile kipimo cha wingi wa virusi kwa damu, ilirudi imeandikwa virusi havionekani, nikajiambia si basi nimepona, na kusema ukweli nilikuwa nimechoka kuficha mkebe, kwa sababu dawa yangu ya hepa B, tenofoviri, ndiyo hiyo hiyo iko ndani ya dawa za HIV na jirani akiona huo mkebe asubuhi, kufika jioni ploti nzima ya Manyatta imejua. Nikaacha Februari. Kufika Juni macho ni manjano, mkojo kama strungi, hata samaki siwezi kuangalia. Daktari alinigombeza kama mtoto na alikuwa na haki, mtu ambaye ini lake lishaingia makovu akiacha hivyo anaweza kufa.

Vile alinieleza ni hivi. Kirusi cha hepa B kikiingia kwa seli ya ini kinaficha ramani yake ndani kabisa, kwa kiini, halafu kinatumia hiyo ramani kujenga wengine. Tenofoviri inajifanya tofali. Fundi wa kirusi analibeba, analipanga kwa ukuta, kumbe hilo tofali halishiki simiti juu yake, mjengo unakwama hapo. Entekaviri, ile dawa nyingine ya hepa B, nayo ni mchezo ule ule. Virusi vinapungua kwa damu, ini linapumzika, makovu mengine hata yanalainika baada ya miaka, na hatari ya kansa inashuka, nimesema inashuka sijasema inaisha, ndio maana wengi wetu tunaambiwa altrasaundi kila miezi sita. Lakini ramani dawa haiigusi. Ukiacha, fundi anarudi site.

Kwa hivyo tenofoviri ni tembe moja ya miligramu 300 kila siku, umekula hujakula. Wa entekaviri nyinyi ni tumbo tupu, masaa mawili baada ya chakula na mengine mawili kabla ule tena. Figo pia zipimwe, na wale wa kumeza diklofenaki kila mgongo ukiuma mmwambie daktari, hiyo na tenofoviri hazipatani vizuri kwa figo. Na usianze tenofoviri kabla ya kupimwa HIV, ukiwa nayo na unakunywa hiyo moja peke yake unafundisha HIV kuizoea dawa.

Si kila mwenye hepa B anahitaji dawa, lakini mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti, wengi waliokuwa wanaambiwa ngoja kwanza sasa wanafaa kuanzishwa. Ule mwenzetu alirudishwa nyumbani na kliniki moja mara mbili bila hata kuelezwa, tutaenda na yeye, mimi na katibu.

Yule mtu wa mitishamba alikuja Agosti kusema anaosha ini siku 21, nilimkaribisha mimi. Samahani.

Kitu kimenifurahisha ni wale mabibi na mabwana 11 tuliwapeleka kupimwa. Watoto wadogo hupata chanjo ya hepa B kwa zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14, sisi watu wazima wengi wetu tulizaliwa kabla ya hiyo, na asiye na kirusi bado anaweza kuchanjwa, sindano tatu, ya leo, ya baada ya mwezi na ya miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wanne bado hawajarudi kwa ya tatu, tafadhalini wakumbusheni.

Mkebe wangu siku hizi unakaa mezani kando ya sukari. Kura ya mwenyekiti ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane, pale pale karibu na Kibuye, na kama mnaona mtu aliyewadanganya hafai kiti, hakuna kinyongo, mje tu na kitabu cha kliniki.