Magari ya kuunga nyumbani nayo muyaandike

Mhariri, ukurasa wenu wa magari ni bei za gari za Japani tu, sisi tunaounga wenyewe mmetusahau kabisa. Uingereza hii kitu ya zamani, kigari cha spoti Lotus Seven kilitoka 1957 na watu walikuwa wananunua vipande wanaunga nyumbani wakwepe kodi, hawakuwa wajinga wale.

Mimi niko Nkuhungu hapa Dodoma, chesisi (fremu ya chini ya gari) na injini vimeshakaa, sasa napambana na ndani na huko ndo kuna kazi jamani. Dashibodi nimechonga plaiwudi nikavalisha leza kwa fundi sofa, ila jua la huku usiombe, gundi ya kawaida inaachia, tafuta inayohimili joto. Vumbi nalo halina adabu, kapeti nimeweka ya vifungo ili niitoe nikung'ute. Waya pitisha kabla hujafunga dashibodi, kila laini na fyuzi yake.

Kinachoniudhi ni wanaofunga mikanda ya siti kwenye bati jembamba la sakafu, gari ikigonga bati linachanika mkanda unang'oka, bolti ishike chesisi bwana, au chomelea kwanza sahani nene ya chuma.

Msomaji wenu, Nkuhungu, Dodoma