Herufi za Mfalme Njoya sio anasa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna watu nawasikia wanasema kuingiza maandishi ya kale ya Kiafrika kwenye kompyuta ni kupoteza muda, eti nani anayasoma siku hizi. Mimi hapo sikubali hata kidogo.

Chukueni Kameruni. Kwenye mwaka 1896 hivi Mfalme Njoya wa Wabamum, pale Foumban, alianza kubuni maandishi ya watu wake, mwanzoni alama zilikuwa zaidi ya 400, nyingi ni michoro inayosimama kwa neno zima, halafu yeye na wasaidizi wake wakawa wanazipunguza na kuzigeuza zifuate silabi, awamu baada ya awamu, mpaka kufika 1910 zikabaki 80 tu. Na zilifanya kazi jamani! Shule zilifundisha, barua zikaandikwa, historia ya ufalme, mambo ya dawa, kila kitu. Wafaransa walipoingia wakazifunga hizo shule, mwaka 1931 wakampeleka Njoya uhamishoni Yaoundé na akafia hukohuko 1933.

Sasa Yunikodi, yaani ule mpangilio unaoipa kila herufi namba yake ili simu na kompyuta zote ziitambue, iliingiza alama 88 za Kibamum mwaka 2009, zile 80 za awamu ya mwisho pamoja na alama za matamshi na za vituo. Mwaka uliofuata zikaongezwa 569 za awamu za nyuma. Hizi za pili ndizo watu wanaziita za bure, na ndizo mimi nazitetea zaidi, kwa sababu karatasi iliyoandikwa kabla ya 1910 huwezi kuichapa kwa herufi za 1910, alama zenyewe hazipo! Utabaki kuipiga picha tu, na picha huwezi kutafuta neno ndani yake wala kumnakilia mwanafunzi sentensi moja. Sisi wenye tenzi za zamani kwa herufi za Kiarabu tulikuta kompyuta inazijua nyingi tayari, Wabamum ilibidi waanze sifuri.

Ila namba peke yake haitoshi. Bila fonti, yaani maumbo ya herufi zenyewe, kwenye simu msomaji anaona vibox vitupu, na bila kibodi kijana wa Foumban ataendelea kuchati kwa herufi za Kilatini tu. Watengeneza simu wanaouza mamilioni Afrika waweke vyote viwili kutoka kiwandani, na nyie mhariri ukurasa wenu wa teknolojia uwaulize hilo wazi kila wanapoleta simu mpya.

Msomaji wenu, Tanga